Sinia la Mpaka

Ngano ije?

"Ije."

Ikae wapi, na mkeka umejaa?

"Tutasogea."

Haya, sogeeni. Shaame, hilo goti lako limechukua nafasi ya watu wawili. Sogea na wewe, Bimkubwa. Kila mtu kidogo tu, kidogo tu. Yupo aliyebaki nje? Hayupo? Basi ngano imepata pa kukaa. Sikilizeni.

Hapo kale, kale ya kale, wakati wanyama wanasema na bahari inasikia, palikuwa na kisiwa kikiitwa Mwambakati. Kilikuwa kisiwa kidogo. Ukipiga chafya upande wa mashariki, wa upande wa magharibi wanakuombea afya.

Kisiwa kidogo, wenyewe wengi. Kila mwaka watoto wanazaliwa, na kila mwaka ardhi ni ile ile. Nyumba ikakutana na nyumba. Shamba likakutana na shamba. Mtu akinyoosha miguu akilala, nyayo zake ziko kwa jirani.

Na hewa nayo ilikuwa imebadilika. Jua lilikuwa kali kuliko lile la mababu. Masika ilichelewa, na ikija inakuja kwa kishindo, inamwaga siku tatu, inaondoka. Bahari ilikuwa inavimba, polepole, kama unga uliotiwa hamira.

Kutoka kilimani hadi pwani waliishi majirani wanne. Juu kabisa aliishi Ngawa, mwenye madoa mgongoni na maneno matamu mdomoni. Chini yake aliishi Perere, aliyependa kulala juu ya mti na kuchukia ugomvi. Chini ya Perere aliishi Kanga, ndege mwenye vifaranga kumi na wawili. Na chini kabisa aliishi Sange, mdogo wa mwili, mwenye pua ndefu kama mrija, mjane mwenye watoto watatu. Kisima cha maji matamu kilikuwa shambani kwa Sange, na wote wanne walichota hapo.

Baada ya shamba la Sange ilikuwa mikoko, safu tatu. Ndani ya mikoko aliishi Kaa. Na baada ya Kaa, bahari.

Zamani mababu walipima ardhi kwa kamba moja ya makumbi ya nazi. Kila mtu kamba kumi, hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua. Walipomaliza kupima, walipanda mibono iwe ua baina ya shamba na shamba. Kamba wakamwachia bibi yake Sange, na bibi akaifunga ndoo ya kisima. Tangu hapo ikawa kamba ya kuchotea maji. Nani angepima tena, na mibono imeshaota?

Lakini mibono nayo hufa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, ilikuwapo Siku ya Kufunga Mipaka. Siku hiyo majirani hukaa pamoja, wakala sinia moja, ndipo wakaenda kupanda mibono mipya palipokufa ya zamani. Huanzia juu kilimani, hushuka hadi pwani.

Na palikuwa na sheria. Wazee waliwahi kupigana kwa ajili ya mipaka hadi watu wakavunjika mbavu, basi wakaapa hivi: aliyekula sinia la mpaka, akameza, hatazungumzia mpaka hadi mwaka mwingine. Ameshakula na jirani yake, ameridhika.

Sheria nzuri. Lakini mpishi wa sinia alikuwa Ngawa.

Mwaka wa kwanza, mwana wa kwanza wa Ngawa akataka kuoa. Nyumba hakuna. Ngawa akazunguka shamba lake, akazunguka tena, akaona pamejaa. Siku ya Kufunga Mipaka akapika ubwabwa wa nazi, mzito, mweupe, unanukia hadi pwani. Majirani wakala. Wakameza. Wakaramba vidole.

Kisha Ngawa akashika mche wake wa mbono, akaenda kwenye ua wa Perere. Badala ya kuupanda palipokufa mbono, akavuka hatua moja mbele, akachimba, huku anaimba:

*Hatua moja, jirani,*
*haikutoi nyumbani;*
*nyumba imejaa ndani,*
*sogea kwako pembeni.*

Perere akafumbua jicho moja. "Ngawa, bwana, hapo si pangu?"

"Ulikula, Perere?"

"Nilikula."

"Ulimeza?"

Perere akafumba jicho. Alikuwa amemeza, tena mara mbili. Akawaza, nami nitalala wapi? Akashika mche wake, akaenda kwenye ua wa Kanga, akavuka hatua moja mbele, akachimba:

*Hatua moja, jirani,*
*haikutoi nyumbani;*
*nyumba imejaa ndani,*
*sogea kwako pembeni.*

Kanga akaja mbio, vifaranga nyuma yake. "We Perere, watoto wangu watachakura wapi? Kichwani kwako?"

"Mimi nimesukumwa, shoga. Usinilaumu. Na wewe una wa chini yako."

Kanga akageuka, akamtazama wa chini yake. Akashika mche, akaenda kwa Sange, akavuka hatua moja, akaimba wimbo ule ule.

Sange akasimama karibu na kisima, pua inamtetemeka. "Mama Kanga, kweli? Mimi na wewe?"

"Nisamehe, mwenzangu. Nimesukumwa."

Sange akatazama nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na shamba la mtu. Palikuwa na mikoko tu. Alikuwa na midomo mitatu ya kulisha muhogo. Akachukua panga, akaenda kwenye safu ya kwanza ya mikoko, akaikata. Nafsi ilimsuta, lakini aliikata, na alipokata aliimba, kwa sauti ndogo, ule wimbo.

Kaa akatoka tunduni mwake, macho juu ya vijiti. "Bi Sange, unafanya nini?"

"Nimesukumwa, Mwinyi Kaa. Hatua moja tu."

"Sawa. Na mimi nimsukume nani?"

Sange akaendelea kukata.

"Nakuuliza. Nyuma yangu ni bahari. Nimwambie asogee?"

"Safu mbili zimebaki," akasema Sange. Akaondoka haraka, kama mtu anayekimbia harufu.

Mwaka wa pili, mwana wa pili wa Ngawa akataka kuoa. Ubwabwa ukapikwa, ukanukia, ukaliwa, ukamezwa. Ngawa akavuka hatua moja. Perere hakufumbua hata jicho, alivuka yake. Kanga akavuka yake. Sange akachukua panga. Safu ya pili ikaanguka.

"Nimsukume nani?" akauliza Kaa.

"Imebaki moja," akasema Sange, na safari hii hakumtazama usoni.

Mwaka wa tatu, mwana wa tatu. Ubwabwa, kumeza, kimya. Hatua, hatua, hatua. Sange akaingia kwenye safu ya mwisho. Ilipoanguka, upepo wa bahari ukampiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaiona bahari yote kutoka mlangoni kwake. Hakufurahi.

Kaa hakuuliza kitu. Alikuwa amekaa juu ya kisiki.

Likaja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Bahari haikuja na hasira. Ilikuja kama jirani. Ilipanda juu ya visiki, ikasimama kwenye ua, ikaimba:

*Hatua moja, jirani,*
*haikutoi nyumbani;*
*mikoko leo sioni,*
*naingia kisimani.*

Sange akatoka mbio na watoto wake. "Hapa kwangu."

"Najua," ikasema bahari. "Nimesukumwa. Jua linanipasha moto, barafu za mbali zinaniongezea maji, nami nimejaa ndani. Wimbo nimeusikia kwenu miaka mitatu. Nikadhani ndiyo desturi."

Ikavuka hatua moja. Ikaingia kisimani. Ilipoondoka, muhogo wa Sange ulianza kuwa wa manjano, na maji ya kisima yalikuwa ya chumvi.

Kuanzia siku hiyo kisiwa hakikutulia. Watu walikinga mvua kwa mitungi, na mvua yenyewe ya kubahatisha. Kanga alikuwa akitembeza vifaranga huku na huku akitafuta umande. Perere aliacha kulala, na usiku kucha alilia juu ya mti hadi sauti ikamkauka. Kila mtu alitazama mtungi wa mwenzake.

Siku tatu kabla ya Kufunga Mipaka, Ngawa akaita mkutano.

"Ndugu zangu," akasema, "tuseme ukweli. Tuko wengi. Kisiwa ni hiki, hakivutiki. Akitoka mmoja, tutapumua."

"Atoke nani?" akauliza Perere.

"Mimi simchukii mtu. Lakini kisima kiko kwa nani? Kwa Sange. Nani anachokonoa ardhi kwa pua kutwa nzima, hadi akaifungulia chumvi njia? Sange. Shamba lake limekufa, hata akibaki atakula nini? Tumpe gogo la mnazi, yeye na wanawe, wakatafute bara. Shamba lake tutagawana."

Perere akatazama juu. Kanga akatazama vifaranga wake kumi na wawili, akahesabu, akaona akitoka Sange, atakayefuata ni yeye, kwa wingi wa wanawe. Akanyamaza hivyo hivyo. Woga humfunga mtu mdomo hata kabla ya sinia.

"Lini?" akauliza Sange.

"Siku ya Kufunga Mipaka. Baada ya kula. Hatukufukuzi na njaa, sisi si wanyama."

Sange akarudi nyumbani. Mwanawe wa kwanza akamwuliza, "Mama, tutakwenda?" Wa pili akauliza, "Mama, gogo linaelea na watu wanne?" Wa tatu, mdogo, alionja maji ya ndoo, akayatema. "Mama, nani ametia chumvi?"

Sange akamtazama sana yule mtoto. Kisha akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu bamvua.

Akapanda kilimani kwa Ngawa. "Hodi, Bwana Ngawa."

"Karibu, jirani. Umekuja kuniomba?"

"Nimekuja kuomba kitu kimoja. Miaka yote umetupikia wewe. Mimi naondoka. Sinia la mwaka huu niacheni nipike mimi, liwe la kuagana."

Ngawa akaona ni kuni zake zimeokoka. "Pika, bibi we, pika. Nani amekuzuia?"

Siku ikafika. Sange alikuwa ametandika mkeka karibu na kisima. Ubwabwa ulikuwa mweupe, nazi imekoza, mvuke unapanda. Wakaja Ngawa na wanawe, wakaja Perere na Kanga. Na Sange akashuka ufukweni, akamwita mtu ambaye hakuwahi kuitwa kwenye sinia hata siku moja.

"Mwinyi Kaa, njoo ule."

"Mimi? Mimi sina ua."

"Ulikuwa nao. Nimeukata mimi. Njoo."

Kaa akaja, akakaa mwisho wa mkeka. Wakanawa. Wakasema bismillahi. Wakatia mkono pamoja, wakatia mdomoni pamoja.

Ngawa akakunja uso, akatema. Perere akatema. Kanga akatema, vifaranga kumi na wawili wakatema.

"Sange," akasema Ngawa, "umemwaga pakacha zima la chumvi humu?"

"Sikutia hata punje," akasema Sange. "Nimepikia maji ya kisima."

"Na maji ya mitungini je?"

"Mitungini ni maji ya kunywa wanangu njiani. Sinia la mpaka nimelipikia maji ya mpaka." Akasimama. Alikuwa mdogo, lakini siku hiyo walimwona wote. "Nani amemeza?"

Akawageukia mmoja mmoja.

"Perere, umemeza?"

"Nimetema."

"Mama Kanga?"

"Nani ataweza kumeza kile?"

"Bwana Ngawa?"

Ngawa akafuta ulimi kwa mkia wake.

"Basi hakuna aliyemeza," akasema Sange, "na hakuna aliyefungwa mdomo. Naanza mimi. Nilikata mikoko, safu tatu, miaka mitatu. Kaa aliniuliza nikamkimbia. Chumvi hii nimeipika mimi kabla ya leo. Lakini sikuanza mimi. Nilisukumwa na Kanga."

Kanga akatikisa mabawa. "Kweli. Hatua tatu. Nami nilisukumwa na Perere."

Perere akashuka mtini, jambo ambalo hakulifanya mchana tangu ujana wake. "Kweli. Hatua tatu. Nami nilisukumwa na huyu." Akamnyooshea Ngawa kidole.

Wote wakamgeukia Ngawa. Ngawa akageuka nyuma, kutafuta na yeye wa kumnyooshea. Nyuma yake palikuwa na kilele cha kilima, na juu ya kilele, mbingu.

"Wanangu waliota ndevu," akasema. "Mlitaka wakalale wapi? Nyinyi hamna watoto?"

"Tunao," akasema Sange. "Wa kwangu ulikuwa unawapandisha kwenye gogo."

Akakiendea kisima, akafungua ndoo, akachomoa kamba. Kisima chenye chumvi hakihitaji kamba. Akaikung'uta, wote wakaitambua. Ilikuwa ile ya mababu.

"Mwaka huu tunapima upya," akasema. "Na hatuanzii kilimani. Tunaanzia kwa jirani aliye mkubwa kuliko sote."

"Mpaka wake uko wapi?" akauliza Kanga. "Anayeujua ni Kaa. Kaa, sema."

Wakamtazama Kaa. Na Kaa, masikini, alikuwa amekaa mbele ya sinia, na sinia lilikuwa jeupe, halina hata chembe. Yeye chumvi ndiyo nyumba yake. Alikula fungu lake, akala na lao, akasema umekolea. Miaka mitatu alikuwa na maneno ya kusema, na siku ya kuyasema alikuwa amemeza.

Kaa akafungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga. Akafikiri. Kisha akashuka kwenye visiki vya mikoko. Akapanda juu ya visiki hatua moja zaidi, kwa sababu bahari ilikuwa imevimba, na yeye alijua imevimba kiasi gani. Halafu akaanza kwenda upande. Hakwenda mbele, asije akamnyang'anya mtu. Hakurudi nyuma, asije akaipa bahari. Alikwenda ubavu ubavu, kutoka jiwe hadi jiwe, na makucha yake yakaacha mstari mchangani.

"Hapa ndipo ianzie mikoko," akasema Sange.

Wakapima kwenda juu, wakiimba wimbo mwingine:

*Hatua moja, jirani,*
*nairudisha, amini;*
*tuanzie ufukweni,*
*tuishie kileleni.*

Sange kamba kumi. Kanga kamba kumi. Perere kamba kumi. Mbono wa Perere ukaangukia nyuma ya nyumba tatu za wana wa Ngawa. Zote tatu zilikuwa zimejengwa kwa Perere. Na Ngawa alipopimiwa kumi zake, kilele kikaisha, na hatua moja ikapungua.

"Mnaona?" akasema Ngawa. "Sasa mmenidhulumu mimi. Ile hatua ya bahari nailipa peke yangu?"

Wote wakaitazama kamba, kwa kuwa alisema kweli. Perere alitaka kusema, na ulipe. Sange akamtangulia.

Akashika mwisho wa kamba, akapima upana wa kidole kimoja, akaukata kwa meno. "Kidole kwa kila kamba, kamba arubaini. Hatua ya bahari tumeilipa sote. Tupime tena."

Wakapima tena. Kila mtu kamba kumi, kila mtu kapungukiwa, hakuna aliyezidi. Jua lilikuwa linaunguza, migongo inauma, vifaranga wanalia. Lakini hakuna aliyepandishwa kwenye gogo.

Nyumba tatu zikabomolewa. Wana wa Ngawa wakajenga kwa baba yao, ukuta kwa ukuta, wakapeana joto na ugomvi. Asubuhi walipelekwa pwani kupanda miche ya mikoko, safu tatu, magoti yamezama topeni. Ikapita masika moja, kisima bado chumvi. Ikapita ya pili, bado. Ya tatu, mtoto mdogo wa Sange akaonja, akatazama juu, akaonja tena. Hakutema.

Lakini sikilizeni, maji hayakurudi kuwa matamu kama zamani. Ladha kidogo ya chumvi ilibaki. Na kila mwaka wakipima wanaanzia kwa bahari, kwa sababu bahari haijakaa. Mwaka mwingine kamba hukatwa kidole, mwaka mwingine nusu kidole.

Ndiyo maana hadi leo Ngawa hupaka harufu yake kwenye mawe na magogo, akisema hapa pangu, hapa pangu, na hakuna anayemwitikia. Ndiyo maana Perere hulia usiku, anasema yote aliyoyanyamazia. Na ndiyo maana Kaa haendi mbele wala nyuma. Bado anauchora mpaka, ubavu ubavu, maji yanaufuta, anauchora tena. Na hasemi, kwa sababu kila siku anakula chumvi.

Mafunzo yake ni haya. Ukisukumwa, usimgeukie aliye chini yako. Mgeukie aliyekusukuma. Na mkigawana kitu kisichotosha, anzeni kupima kwa yule wa mwisho.

Ngano yangu inainuka.

Ngojeni. Mwanakheri, mbona umekaa kwenye saruji, na mtoto mgongoni?

"Mkeka ulikwisha."

Ulikuwa umekaa wapi?

"Karibu na Bimkubwa. Alisogea."

Bimkubwa?

"Mimi nilisukumwa na Rehani."

Rehani?

"Goti la Shaame."

Nilisema sogeeni, na sikutazama mwisho wa mkeka. Hilo ni kosa langu. Shaame, kunja goti. Haya, tunaanzia kwa Mwanakheri, tunakwenda juu. Kila mtu kidole kimoja.

Ngano yangu imeondoka, ipisheni njia. Aliyekaa pasipo pake, arudi pake. Aliyebaki nje, aketi.